Kisima Karibu na Kiwanda: Mama, Nenda Barazani Ukaulize

Leo tunazungumzia maji ya visima vilivyo karibu na viwanda. Tutazungumzia pia baraza la kujadili maji hayo, ambalo akina mama wengi huwaachia wazee.

Kwanza, sumu hufikaje kisimani? Kiwanda kinapomwaga maji machafu shimoni, au kurundika taka uwanjani, mvua huibeba sumu ikazama ardhini. Huteremka polepole mpaka ikakutana na maji yaliyo chini ya ardhi, yale yale tunayoyachota. Maji hayo hutembea. Ndiyo maana kisima kilicho mbali na kiwanda chaweza kuharibika, na cha jirani kikabaki salama. Tena sumu yaweza kufika miaka mingi baada ya kiwanda kufungwa.

Sasa sikiliza kwa makini, mama. Siku zote tunakuambia uchemshe maji au uyatie dawa ya klorini. Endelea kufanya hivyo, kwa maana huua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Lakini madini kama risasi, yale yaliyomo ndani ya betri za magari, hayafi kwa moto kwa sababu hayana uhai. Ukichemsha, maji hupungua kwa mvuke na risasi yote hubaki sufuriani. Klorini pia haiiondoi. Wala usitegemee macho au ulimi, kwani maji yenye risasi yaweza kuwa maangavu, bila harufu wala ladha.

Mtoto mdogo huchukua risasi mwilini mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Risasi huharibu ubongo wake unaokua. Anaweza kuchelewa kusema, kupungukiwa damu, kuumwa na tumbo, au kushindwa kushika masomo. Mara nyingi haonyeshi dalili yoyote, na ni kipimo cha damu tu kitakachokuambia. Kwa mama mjamzito, risasi hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Haya si mambo ya nchi za mbali. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007. Moshi, vumbi na maji machafu yenye risasi yaliwafikia wakazi. Mama mmoja aliyefanya kazi kiwandani humo, Phyllis Omido, mtoto wake mchanga aliugua na akapatikana na risasi katika damu. Aliungana na majirani, wakapaza sauti, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ilirejesha fidia hiyo Desemba 2024. Lakini hakuna fidia inayoweza kumrudishia mtoto akili iliyoharibika. Afadhali kuuliza mapema.

Kwa hivyo, chifu au afisa wa mazingira akiitisha baraza kuhusu maji yenu, nenda. Wewe ndiwe unayejua ni mtungi gani unaochotwa wapi, na ni mtoto yupi anayeunywa. Uliza hivi:

1. Ni visima gani vilivyopimwa, lini, na ni nani aliyechukua maji hayo? Je, changu kimo?
2. Mlipima nini? Kupima vijidudu peke yake hakutoshi. Madini na kemikali za kiwanda hicho lazima zipimwe.
3. Majibu yako wapi kwa maandishi, na kiwango kinachokubalika ni kipi?
4. Mtapima tena lini? Maji ya kiangazi na ya masika huweza kutofautiana.
5. Tukisubiri, tutapata wapi maji safi, na nani atalipa?
6. Watoto wetu na wajawazito watapimwa damu wapi?

Usiogope kuuliza. Katiba ya 2010 inakupa haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42, haki ya maji safi na salama katika kifungu cha 43, na haki ya kupata habari katika kifungu cha 35. Hakikisheni maswali na majibu yameandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote, someni kwanza. Sahihi ya kuonyesha ulihudhuria si sahihi ya kukubali. Mkikosa majibu, andikeni barua kwa NEMA na kwa afisa wa afya ya umma, na mbaki na nakala.

Wakati mnasubiri, tafuta maji ya kunywa na kupikia mahali pengine, hasa ya kukorogea uji au maziwa ya mtoto. Maji ya mvua kutoka paa linalopatwa na moshi wa kiwanda si salama. Usiache kunyonyesha kwa hofu; njoo kwanza kliniki tuzungumze. Mpe mtoto chakula kwa wakati, chenye maharagwe, mboga za majani, omena na maziwa, kwa sababu mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na kalisi huvuta risasi zaidi. Mnawishe mikono kabla ya kula.

Ukisikia tangazo la baraza, mwambie na jirani yako. Mama mmoja akiuliza anaweza kupuuzwa, lakini wakiuliza ishirini watajibiwa.