Namba ya Ukubwa wa Nchi Yetu

Vitabu vingi vya jiografia huandika kwamba ukubwa wa Kongo ni kilometa za mraba 2 345 409, yaani milioni mbili, elfu mia tatu arobaini na tano, mia nne na tisa. Namba ndefu hivi, mtu akiinakili katika daftari lake, atajuaje kwamba hakukosea?

Jumlisha tarakimu zake: 2 na 3 na 4 na 5 na 4 na 0 na 9. Jumla ni 27, nayo ni tisa tatu. Basi namba nzima yagawanyika kwa 9 bila masalio.

Kwa nini? Tuchukue namba fupi ya kwetu. Masisi yote, ambamo Rubaya imo, hutajwa kuwa na kilometa za mraba 4 734. Fikiri kwamba ni punje za maharagwe: mafungu 4 ya elfu, mafungu 7 ya mia, mafungu 3 ya kumi, na punje 4. Katika fungu la kumi toa 9, hubaki punje 1. Katika mia toa 99, hubaki 1. Katika elfu toa 999, hubaki 1. Kila fungu, kubwa au dogo, limeacha punje moja tu! Ndizo 4 na 7 na 3 na 4, jumla 18, yaani tisa mbili.

Lakini tisa haioni tarakimu zilizobadilishana mahali. Tuseme magunia ya koltani yameshushwa kutoka vilima vya Rubaya, yakapimwa kilo 540, na karani akaandika 450. Kilo 90 zimepotea, na pamoja nazo malipo ya watu waliotoka jasho. Lakini jumla ya tarakimu ni 9 pale, na 9 hapa. Hizo 90 zenyewe ni tisa kumi, ndiyo sababu tisa yanyamaza.

Hapo tumia 11. Anzia kuume katika namba ya Kongo, ukiruka moja moja: 9 na 4 na 4 na 2, jumla 19. Kisha zile ulizoziruka: 0 na 5 na 3, jumla 8. Toa 8 katika 19, hubaki 11. Basi namba hiyo yagawanyika kwa 11 pia. Maana kumi imepungukiwa na 1 kufika 11, mia imezidi 99 kwa 1, elfu imepungukiwa na 1 kufika 1 001, ambayo ni 11 mara 91. Ndivyo ilivyo mpaka milioni: hii hupungua, ile huzidi.

Sasa gawanya 540 kwa 11, hubaki 1. Gawanya 450, hubaki 10. Kosa limeonekana. Karani mwangalifu aweza kuandika masalio hayo kando ya uzito, na yeyote atakayenakili ayapime tena.

Haya, twaa daftari. Mwanafunzi mmoja ameandika ukubwa wa Kongo hivi: 2 354 409. Tisa yasemaje? Kumi na moja yasemaje?