Muhogo Mchungu na Nishati ya Seli

Katika masoko ya Mwanza, la Buhongwa likiwamo, muhogo mbichi huuzwa jirani na udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa. Wazee hukataza muhogo mchungu kuliwa kwa pupa. Sababu ya katazo hilo imo ndani ya seli, katika vijumba vidogo viitwavyo mitokondria.

Wanga tuulao huwa glukosi. Glukosi huvunjwa kwanza nje ya mitokondria, na seli huambulia molekuli 2 tu za ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nishati mwilini. Mabaki huingia ndani, na elektroni zake hupokezanwa na protini zilizojipanga katika utando wa ndani. Kwa kupokezana huko, protoni husukumwa upande mmoja wa utando, zikajaa kama maji nyuma ya bwawa. Zikirudi, hupitia kimeng'enya kizungukacho kama gurudumu, nacho huunda ATP. Peter Mitchell wa Uingereza alipolitoa wazo hili mwaka 1961 wengi walilipinga. Mwaka 1978 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli. Mwisho wa safari, elektroni hupokewa na oksijeni, yakapatikana maji. Kwa njia hii glukosi moja huzaa ATP zipatazo 30.

Muhogo mchungu ukipondwa au kutafunwa huachilia sianidi, nayo hukifunga kimeng'enya kinachoikabidhi oksijeni elektroni. Hapo ndipo penye ajabu: damu imejaa oksijeni, lakini seli haiwezi kuitumia. Seli hurudia zile ATP 2, na asidi ya laktiki hulimbikizana. Ubongo na moyo, vyenye akiba ndogo ya nishati, huumia mapema. Mtoto anayetapika, kuhema kwa kasi au kupata degedege baada ya kula muhogo apelekwe hospitali mara moja.

Mwili huidhoofisha sianidi kwa salfa itokanayo na protini, kwa hiyo dagaa au maharage pembeni ya ugali si anasa. Wilayani Tarime, wakati wa ukame wa mwaka 1985, maandalizi ya muhogo yalifupishwa na kitoweo kikaadimika. Ukazuka konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na bila kupona.

Kuvundika kwa siku kadhaa kisha kukausha huondoa sehemu kubwa ya sumu. Kuanika peke yake hakutoshi. Unga wenye shaka hulowanishwa, ukatandazwa tabaka jembamba kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini hadi gesi ipeperuke, kisha ukasongwa siku hiyohiyo.