Kutengwa na ndugu: Jinsi ya kukabili uchungu bila kupoteza haki

Na Mwandishi Wetu

ASIYEKUWAPO na lake halipo, walinena wahenga. Methali hiyo huchukuliwa kuwa onyo kwa mtu mvivu wa kuhudhuria vikao. Hata hivyo, wapo watu wengi mijini ambao hawakuwapo kwa sababu moja tu: hawakuitwa, na waliopaswa kuwaita ni ndugu zao wa damu.

Kutengwa na familia mara nyingi hakutangazwi. Hakuna barua wala azimio la kumfukuza mtu. Mhusika hubaini mwenyewe, kidogo kidogo. Habari za posa ya mdogo wake anazipata kwa jirani. Kundi jipya la WhatsApp la ukoo limefunguliwa, naye hayumo. Msibani, wasifu wa marehemu unasomwa, watoto wanatajwa mmoja baada ya mwingine, jina lake linarukwa.

Sababu ni nyingi. Wapo waliooa au kuolewa na mtu wa dini au kabila ambalo wazee hawakuliafiki. Wapo waliozaliwa nje ya ndoa. Wapo walioshindwa kutoa michango miaka miwili au mitatu mfululizo, wakaonekana wamejitoa wenyewe. Wapo pia wenye uwezo, ambao huitwa fedha zinapotakiwa lakini hawaitwi maamuzi yanapofanywa.

Kwa nini unauma?

Aliyetengwa huambiwa mara kwa mara kuwa asijali, kwa kuwa hilo ni jambo dogo. Utafiti unaonyesha vinginevyo.

Mwaka 2003, jarida la Science lilichapisha utafiti wa Naomi Eisenberger na Matthew Lieberman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakishirikiana na Kipling Williams. Washiriki walicheza mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira, wakiamini kwamba wanacheza na watu wengine wawili. Baada ya muda, wale wawili waliacha kumrushia mshiriki mpira. Picha za ubongo zilionyesha kwamba mtu alipoachwa nje, sehemu moja ya ubongo ambayo pia huhusika na maumivu ya mwili iliamka.

Mwaka uliofuata, Williams na wenzake walionyesha kwamba uchungu huo ulijitokeza hata pale mshiriki alipoelezwa kuwa anayemnyima mpira ni kompyuta tu. Ikiwa kompyuta inaweza kumuumiza mtu kwa dakika chache, si ajabu kwamba dada au kaka humuumiza kwa miaka.

Kwa maelezo ya Williams, kutengwa hugusa mahitaji manne ya binadamu kwa pamoja: kujiona ni sehemu ya watu, kujithamini, kuwa na kauli juu ya mambo yake, na kuona kwamba kuwapo kwake kuna maana. Ndiyo maana maneno ya hasira humtoka haraka mtu anayegundua kwamba hakualikwa. Saa hizo za mwanzo si wakati mzuri wa kutuma ujumbe wala kupiga simu.

Jambo jingine linaloongeza mzigo ni aibu. Aliyetengwa hudhani ni yeye peke yake. Nchini Marekani, Profesa Karl Pillemer wa Chuo Kikuu cha Cornell alibaini kwamba asilimia 27 ya watu wazima aliowahoji walikuwa wamekatiana mawasiliano na ndugu fulani. Matokeo hayo aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 2020.

Hatua za kuchukua

Hatua ya kwanza ni kutenganisha kusahauliwa na kutengwa. Katika shughuli kubwa, waalikaji hugawana orodha na kila mmoja hudhani mwenzake ameshamwita fulani. Kosa la mara moja halitoshi kuwa ushahidi. Likijirudia katika harusi, msiba na kikao, hapo kuna jambo.

Pili, ni vyema kuuliza, na kumwuliza mtu mmoja. Shangazi, mjomba au babu mdogo anayeheshimiwa na pande zote hufaa kuliko kundi zima la simu, ambako kila neno hupata mashahidi na kila shahidi huchagua upande. Swali liwe fupi na la heshima: "Shangazi, sikuitwa kwenye kikao cha mwezi uliopita. Je, kuna neno nililowakosea?" Swali la namna hiyo humpa mzee nafasi ya kueleza, nalo halimlazimishi kujitetea.

Tatu, mhusika asijaribu kuinunua nafasi yake. Kukopa fedha ili mchango wake uwe mkubwa kuliko wa wote huleta shukrani ya siku moja na deni la miezi. Achangie kwa uwezo wake, na kama hana, aseme mapema kwamba hana.

Nne, asikimbie msiba. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Kwa desturi zetu, kumzika ndugu hakuhitaji mwaliko, na aliyefika, akakaa kimya na kutoa pole, ameacha mlango wazi kwa upande wake.

Tano, wanaofanikiwa kupatana si lazima wawe wameombwa radhi. Pillemer alibaini kwamba wengi wao waliacha kumshinikiza mwenzao akubali maelezo yao kuhusu yaliyopita, wakaanza na yaliyopo.

Pale ambapo mlango umefungwa kabisa, au kurudi kunamaanisha kupigwa na kutukanwa, kukaa mbali si dhambi. Majirani, waumini wenzake na wanachama wa kikundi cha kufa na kuzikana wanaweza kuwa ndugu wa kufaana. Akikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki kadhaa, aende hospitali au amwone ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake.

Mirathi haisubiri

Uvumilivu una mipaka pale mali ya marehemu inapohusika. Hapo kutoitwa kunaweza kumnyima mtu nyumba au shamba.

Nchini Tanzania, familia nyingi hukutana baada ya msiba na kumpendekeza msimamizi wa mirathi, kisha muhtasari wa kikao cha ukoo hupelekwa mahakamani pamoja na maombi. Asiyeitwa kwenye kikao jina lake linaweza kukosekana katika orodha ya warithi.

Kukosekana huko hakufuti haki yake. Shauri linapofunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, hutolewa tangazo la kuwaita wenye maslahi, na yeyote kati yao anaweza kupinga ombi. Hata baada ya uteuzi, mahakama inaweza kuutengua ikiwa ulipatikana kwa maelezo ya uongo. Msimamizi si mmiliki: kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi na kuwasilisha hesabu mahakamani.

Kwa aliye chini ya umri wa miaka 18, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa stahiki kutoka katika mali ya mzazi wake.

Kwa hiyo, anayehisi ameachwa nje asingoje arobaini ipite. Aende katika Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipoishi marehemu, aulize kama mirathi imefunguliwa, na achukue cheti chake cha kuzaliwa na nyaraka nyingine zinazoonyesha uhusiano wake na marehemu. Asiye na uwezo anaweza kupata msaada wa kisheria bila malipo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Wanaoitisha vikao nao wana wajibu. Kabla ya kufungua mazungumzo, mwenyekiti wa kikao cha ukoo aulize swali moja: nani hayupo, na je, aliitwa? Swali hilo likijibiwa kwa ukweli, kesi nyingi hazitafika mahakamani.