Mwanafunzi wa Mkiwa na kalenda zake mbili

Anayesafiri kutoka Manyoni kwenda Singida hupita Mkiwa, pale inapochepuka barabara ya Itigi inayokwenda Rungwa hadi Chunya, mkoani Mbeya. Mvua za huku ni za msimu mmoja: huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Shule nazo hufunguliwa Januari. Hivyo, mwalimu anapoanza mada za kwanza za mwaka, mtama na alizeti vinadai palizi. Muhula wa kwanza unapoelekea kufungwa, mavuno yamewadia. Novemba, kidato cha pili na cha nne wakiwa kwenye mitihani ya taifa, wazazi wanaandaa mashamba upya.

Naanza na kalenda hiyo kwa sababu ushauri mwingi kuhusu kujipanga kimasomo umeandikwa kwa ajili ya mtoto wa bweni, anayeamshwa na kengele na kuwashiwa taa ya prepu. Mtoto wa shule ya kata anayerudi nyumbani kuchota maji na kufungia mbuzi hawezi kuifuata ratiba ile. Akiinakili na kuibandika ukutani, wiki ya pili ameshaiacha, kisha anajiita mvivu. Mvivu si yeye. Ratiba ndiyo si yake.

Kujipanga kuna kazi ya kwanza ambayo wengi hawaioni: kuipunguzia akili mzigo. Mwanasaikolojia Nelson Cowan alionyesha mwaka 2001 kwamba kumbukumbu tunayofanyia kazi kwa wakati mmoja hubeba vitu kama vinne tu. Sasa mtazame mwanafunzi anayekumbuka kwa kichwa zoezi la Hisabati la Alhamisi, daftari alilomwazima rafiki, zamu yake ya maji na ada ya hosteli ambayo haijalipwa. Amejaa kabla hajafungua kitabu. Akiyaandika kwenye karatasi moja, kichwa kinapata nafasi ya kufikiri.

Kazi ya pili ni kupambana na usahaulifu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: baada ya saa moja, zaidi ya nusu ilikuwa imepotea, baada ya siku moja, theluthi mbili hivi. Somo lenye maana hukaa muda mrefu zaidi, lakini nalo hutoroka lisiporudiwa. Tiba yake ni kurudia kwa kupisha siku. Nusu saa Jumatatu, nusu saa Alhamisi, tena wiki inayofuata, humfaa mwanafunzi kuliko kukesha usiku mmoja kabla ya tesiti. Na hapa mtoto wa Mkiwa hana sababu ya kumwonea wivu yule wa bweni, maana nusu saa inapatikana hata wiki ya palizi. Asiipoteze kwa kusoma notsi tu kwa macho. Afunge daftari, aandike anachokumbuka, kisha afungue na kusahihisha.

Daftari lenyewe ni tatizo kubwa kuliko tunavyokiri. Fungua kaunta buku za kidato cha kwanza: mbele Jiografia, nyuma Biolojia, katikati kurasa zimechanwa za kufanyia tesiti. Hakuna tarehe. Mada ya ramani inaanza, inakatika, inaendelea kurasa ishirini mbele baada ya michoro ya seli. Mwenye daftari anaelewa leo, lakini mtihani wa kidato cha nne unauliza pia mambo ya kidato cha kwanza, na miaka mitatu baadaye hata yeye hataelewa. Tarehe na mada juu ya kila ukurasa, somo moja kwa daftari moja, na madaftari ya zamani kuhifadhiwa ndani ya salfeti iliyoning’inizwa mbali na mchwa na paa linalovuja: hayo hayahitaji fedha nyingi.

Kuna mtego mmoja zaidi. Mwaka 1994 watafiti wa Kanada waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu wangemaliza tasnifu zao kwa siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34. Kazi ikachukua 55. Binadamu hukadiria muda kana kwamba hakuna mgeni atakayebisha hodi. Kwa hiyo mwanafunzi akidhani mada itamchukua jioni mbili, atenge tatu, na Jumamosi moja aiache wazi kwa yaliyobaki.

Yote hayo mtoto hawezi kuyapanga peke yake, kwa kuwa nusu ya muda wake unapangwa na wengine. Wazazi wa Mkiwa na Itigi, na popote panapolimwa, nawaomba jambo moja: Jumapili jioni mwambieni mtoto ni siku zipi za wiki mtamhitaji shambani, na mkishamwambia, msimbadilishie asubuhi.