Mashine ya Tone Moja la Damu

Wengi wetu hapa Ipole tumekwisha kuchomwa kidole kupimwa malaria. Tone moja linawekwa kwenye kipande cha plastiki, mstari unatokea, jibu limepatikana. Kipimo hicho ni cha kweli. Basi kwa nini siku nyingine mganga anataka damu ya mshipani, kichupa kizima?

Yuko mwanamke wa Marekani, Elizabeth Holmes, aliyesema hakuna haja ya vichupa. Mwaka 2003, akiwa na miaka 19, alianzisha kampuni iitwayo Theranos. Alidai mashine yake itafanya vipimo vingi sana kwa damu kidogo ya kidole. Matajiri wakatoa zaidi ya dola milioni 700. Wazee waliowahi kuwa mawaziri wakaingia kwenye bodi. Mwaka 2013 wagonjwa wakaanza kupimwa kwenye maduka ya dawa.

Kumbe mashine haiwezi. Kipimo cha malaria kinatafuta kitu kimoja: kipo au hakipo. Kujua kiasi cha chumvichumvi na vitu vingine ndani ya damu ni kazi nyingine. Tone likigawanywa kwa vipimo vingi halitoshi. Tena kidole kikiminywa, damu huchanganyika na majimaji ya mwilini, na chembe zake hupasuka. Kampuni ikawa inaizimua damu ili iongezeke, halafu inaipima kwa siri kwa mashine zilizonunuliwa kwa wengine. Warina asali mnajua: asali ikishatiwa maji, mizani itasema nini?

Watu wakapewa majibu ya uongo. Mama mmoja mjamzito aliambiwa mimba inaharibika, kumbe ni nzima. Alijifungua salama.

Vijana wawili wa kampuni hiyo, Erika Cheung na Tyler Shultz, hawakunyamaza. Babu yake Tyler alikuwa mmoja wa wale wazee wa bodi, naye hakumsadiki mjukuu wake. Oktoba 2015 gazeti likafichua mambo. Mwaka 2018 kampuni ikafungwa.

Mwaka 2022 mahakama ilimtia Holmes hatiani kwa kuwalaghai waliotoa fedha. Akapewa kifungo cha zaidi ya miaka 11, akaingia gerezani Mei 2023. Katika mashtaka ya kuwalaghai wagonjwa, hakuonekana na hatia. Mwenzake, Ramesh Balwani, alionekana na hatia kwa yote mawili, akapewa karibu miaka 13.