Kazi Mbili za Vichujio vya Umeme Kolwezi
Umeme wa Inga hufika Kolwezi, umbali wa kilomita 1,700 hivi, kwa njia ya mkondo mnyoofu iliyokamilika mwaka 1982. Huko vigeuzi huurudisha kuwa mkondo geu wa mizunguko 50 kwa sekunde, utumiwao migodini.

Vigeuzi vya aina hiyo vina dosari mbili. Kwanza, hudai nguvu reaktivu, yaani ile iendayo na kurudi bila kufanya kazi, kiasi cha nusu hivi ya nguvu vinayopitisha. Isipopatikana karibu, volteji hushuka. Pili, huharibu umbo la wimbi kwa hamoniki. Kigeuzi cha mapigo 12 kwa kila mzunguko huzaa hasa hamoniki ya 11 na ya 13, yaani mizunguko 550 na 650 kwa sekunde.

Huenda ikadhaniwa kwamba kapasita peke yake zatosha. La hasha: zikiitikiana na transfoma na nyaya za mtandao, zaweza kuikuza hamoniki hata vyombo vikaungua. Hivyo kila kapasita huunganishwa na koili iliyopimwa barabara. Kwa mizunguko 50 kichujio hutoa nguvu reaktivu. Kwa 550 au 650 huimeza hamoniki. Kichujio kikiharibika, mtandao hupungukiwa na yote mawili: volteji imara na wimbi safi.