Mgonjwa wa Saratani Ale Nini? Kazi ya Mtaalamu wa Lishe

Ukitaja neno "lishe" hapa kwetu Tanga, wengi wanamfikiria mama lishe wa stendi, yule wa wali na maharage. Naye anafanya kazi ya maana. Leo lakini tumzungumze mtu mwingine, mtaalamu wa lishe wa hospitali, na hasa yule anayewahudumia wagonjwa wa saratani, ugonjwa ambao wengine wanauita kansa.

Tanzania ina Taasisi ya Chakula na Lishe tangu mwaka 1973. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kule Morogoro, kinafundisha vijana elimu ya lishe mpaka shahada. Halmashauri za wilaya nazo zina maafisa lishe. Basi watu hawa wapo, ila wengi wetu hatujui kazi yao, na kwa hiyo hatuwaulizi.

Mgonjwa wa saratani kutoka Pangani, Mkinga au Handeni huanzia zahanati au kituo cha afya, halafu hospitali ya wilaya, halafu Bombo. Ikibidi anapelekwa mbali zaidi. Wengine wanakwenda KCMC, Moshi. Wengine wanakwenda Dar es Salaam, safari ya kilometa 350 hivi kutoka Tanga mjini, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Huko anatibiwa kwa mionzi, au kwa dawa za kuua saratani, au kwa vyote viwili. Upasuaji nao upo.

Sasa chakula kinaingia wapi?

Saratani inakonda watu. Ugonjwa wenyewe unauchafua mwili, hamu ya kula inapotea, na mwili unaanza kula nyama yake wenyewe, yaani misuli. Halafu matibabu nayo yanaleta kichefuchefu, vidonda vya mdomo au kuharisha. Mgonjwa anakonda mara mbili.

Kukonda huko kuna hatari kubwa kuliko tunavyodhani. Kipimo cha dawa nyingi za saratani hupangwa kwa uzito na urefu wa mgonjwa. Akidhoofika sana, daktari hupunguza dawa au huahirisha. Mionzi hali kadhalika. Mara nyingi mgonjwa anapigwa mionzi siku 5 kwa wiki, wiki 5 au zaidi, na mwilini wanamchorea alama ili mionzi iende pale pale penye ugonjwa. Mtu akikonda ghafla, zile alama hazikai tena mahali pake, na inabidi kupima upya. Na kila siku inayorukwa, ugonjwa unapata nafasi ya kupumua. Ndiyo maana mtaalamu wa lishe anasimama karibu na daktari.

Kazi yake anaianza kwa mizani. Anampima mgonjwa na kumwuliza: miezi sita iliyopita ulikuwa na kilo ngapi? Tuchukue mfano. Mama alikuwa na kilo 60, leo ana 57, wala hakukusudia kupungua. Amepoteza kilo 3, ndiyo sehemu 5 katika kila 100. Hapo mtaalamu anashtuka tayari, hata kama mama mwenyewe anaonekana mzima. Kama uzito wa zamani haujulikani, anauliza nguo: mkanda umeingia tundu la ngapi? Gauni linapwaya?

Kisha anauliza kila kitu ulichokula jana, tangu asubuhi mpaka usiku. Usimwambie uongo kwa aibu. Kama jana ulikunywa chai ya rangi na bada kidogo, sema hivyo hivyo.

Halafu anapiga hesabu. Mgonjwa wa kilo 50 anahitaji chakula cha kujenga mwili, yaani protini, gramu 50 mpaka 75 kwa siku. Mayai mawili yana gramu 12 hivi. Vikombe viwili vya maziwa, gramu 16. Kikombe cha kunde zilizoiva, gramu 13. Kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja, gramu 20. Jumlisha mwenyewe: 61. Lakini sahani ya bada tupu ina gramu chache tu. Muhogo unatia nguvu, lakini haujengi mwili. Bada iende na dagaa, au kisamvu cha nazi kilichotiwa karanga.

Hapa nina neno la kusema. Nyumba nyingi zina kuku, na mgonjwa yumo ndani. Mayai yanauzwa gengeni, pesa inanunua soda na juisi ya kopo, eti ndiyo chakula cha mgonjwa. Tumeuza protini tukanunua maji ya sukari! Mayai yale angekula mgonjwa.

Lipo na jambo baya zaidi. Baadhi ya watu wanasema chakula kizuri kinaulisha uvimbe, kwa hiyo mgonjwa asile nyama, asile sukari, asile samaki, ili saratani ife kwa njaa. Jamani, haifi hivyo. Uvimbe unajichukulia chakula mwilini hata mtu akifunga, na mwenye kufa njaa ni yule mgonjwa. Nimesikia miiko hii kwenye madarasa yetu ya jioni, na wanaoisema wanaisema kwa mapenzi, wanataka mtu wao apone. Ndiyo maana nawaomba mwulizeni mtaalamu kabla ya kumkataza mgonjwa chakula chochote. Na mitishamba je? Mwambieni pia, msifiche, maana baadhi ya miti inagombana na dawa za hospitali.

Naye mtaalamu wa kweli hatakuambia kwamba chakula kinaponya saratani. Chakula kinampa mgonjwa nguvu ya kuvumilia matibabu. Mtu akikuuzia unga au majani akakuambia uache hospitali, huyo mkimbie.

Tutazame mambo ya jikoni.

Mgonjwa asiyetaka kula, usimjazie sahani. Mpe kidogo kidogo, mara 6 kwa siku. Akiwa na kichefuchefu, pika mbali naye, moshi na harufu ya kukaanga visimfikie. Chakula kilichopoa kina harufu ndogo, mara nyingi kinapita. Akisema kila kitu kina ladha ya chuma, mpe kijiko cha mti au cha plastiki.

Vidonda vya mdomo: asukutue mara nyingi kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Pilipili, ndimu na chai ya moto viwekwe kando. Machungwa ya Muheza ni matamu, najua, lakini kwa wakati huo yanachoma. Papai lililoiva au parachichi la kuponda litamfaa.

Saratani ya koo la chakula ni ngumu kuliko zote kwa upande wa kula. Ugali unakwama, halafu ndizi, mwisho hata maji. Hapa uji ndio mkombozi, lakini si uji wa maji matupu. Utie maziwa au tui zito la nazi, utie karanga zilizosagwa laini kabisa, utie sukari. Hata kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kinaongeza nguvu karibu sawa na ya yai moja na nusu. Njia ikiziba kabisa, madaktari wanaweza kupitisha mpira puani au tumboni ili chakula kiingie. Wengi wanaogopa mpira huo, wanadhani ni dalili ya kifo. Ni njia ya kulia tu, na mtaalamu wa lishe ndiye anayefundisha nyumba nzima namna ya kuutumia na kuusafisha.

Mama anayepigwa mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi anaweza kuharisha. Anywe sana, pamoja na maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati, na apunguze mafuta. Anayekunywa dawa ya maumivu ya morfini kwa kawaida anafunga choo. Apewe maji na matunda, na aombe dawa ya kulainisha choo.

Dawa za saratani zinapunguza askari wa mwili. Kwa hiyo maziwa yachemshwe, mayai yaive mpaka kiini, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mahindi au karanga zenye ukungu zisipikwe kabisa, kwa mgonjwa wala kwa mzima. Sumukuvu ya ukungu huo haifi kwa moto, nayo inaleta saratani ya ini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kwa mahindi ya kula nyumbani.

Neno la mwisho linahusu daftari. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika ndiye utakayemsaidia sana mgonjwa wa nyumbani kwako, kwa sababu mtaalamu anaonana naye kwa dakika chache tu, na kichwa cha mgonjwa kinasahau. Andika kila siku, hivi:

Jumatatu. Uji wa maziwa na karanga, vikombe 2. Yai 1. Wali vijiko 4, mchuzi wa samaki. Ametapika mara 1, jioni. Choo hakuna.

Jumanne. Uji kikombe 1. Amekataa samaki. Maziwa mgando vikombe 2. Choo amepata.

Siku ya mizani, andika kilo. Siku ya kliniki, lichukue daftari, umpe mkononi.